Tafi wa Lamu: sumu yake, mwani wake na mwezi wake

Watu wawili wa Lamu wakibishana kuhusu tafi, kuna uwezekano mkubwa kwamba wote wawili wana haki. Mmoja atasema samaki huyu ana sumu. Mwenzake atajibu kwamba amelishwa tafi tangu alipoachishwa ziwa na hajaumwa hata tumbo. Mmoja atasema tafi hawamaliziki, kila dau likirudi kutoka mwambani linao. Mwenzake atasema tafi wa leo ni wadogo mno ukiwalinganisha na wale aliokuwa akiletewa na marehemu baba yake. Kisha atatokea wa tatu aseme tafi ni kitoweo cha mtu asiye na kitu, hana maana mbele ya nguru na kolekole. Huyo wa tatu ndiye aliyekosea, na makala haya yanajaribu kueleza kwa nini.

Tafi ninayemzungumzia ni yule wa kawaida, Siganus sutor kwa jina la wataalamu, aliyeandikwa vitabuni mwaka 1835 na Mfaransa Achille Valenciennes. Ana jamaa karibu 30 duniani, wote wa jenasi moja, waliotapakaa kuanzia Bahari ya Shamu hadi visiwa vya Pasifiki. Yeye mwenyewe ni mwenyeji wa upande wetu tu wa Bahari ya Hindi: pwani ya Afrika Mashariki, Madagaska, Komoro, Shelisheli na visiwa vya jirani. Anaweza kufika sentimita 45, ingawa wengi wa sokoni hawafiki 30. Mwili wake ni bapa na wa duaradufu, kinywa ni kidogo, na magamba ni madogo mno, yamezama ngozini hata mtu hudhani hana.

Rangi yake haiaminiki. Dema, ule mtego wa kusuka, likifunguliwa juu ya dau, tafi huanguka wakiwa na rangi moja ya kijivu kilichochanganyika na kijani, wamenyunyiziwa vidoa vyeupe. Hujamaliza kuwahesabu, mbavu zimeshaingia mabaka meusi na meupe yasiyo na mpangilio, na samaki yule yule anaonekana wa aina nyingine. Mabaka hayo huyavaa kila anapotishika. Huyavaa pia usiku, anapolala katikati ya nyasi za bahari, ambako samaki mwenye mabaka hupotea machoni kwa urahisi kuliko mwenye rangi moja.

Sumu iko wapi

Iko kwenye miiba. Nyama haina.

Ukimhesabu tafi miiba utapata 24: 13 mgongoni, 7 kwenye pezi la chini karibu na mkia, na 4 kwenye mapezi mawili ya tumboni. Hayo ya tumboni ni ya ajabu, kwa sababu kila moja lina mwiba upande wa nje na mwiba mwingine upande wa ndani, na hakuna jamii nyingine ya samaki yenye mpangilio huo. Mbele ya pezi la mgongoni kuna mwiba mwingine mdogo uliolala ukielekea kichwani, nusu umefichwa na ngozi.

Kila mwiba una mifereji miwili kwa urefu wake. Ndani ya mifereji hiyo ndimo zilimo tezi za sumu, zimefunikwa na ngozi nyembamba. Tafi hana misuli ya kuisukuma sumu hiyo imfikie adui. Mwiba unapozama kwenye mkono, ngozi ile hupasuka na kurudi nyuma, tezi hubanwa, sumu huingia kidondani. Basi ni silaha ya kujilinda tu: mzia au tewa akitaka kummeza, atajuta. Na kwa kuwa silaha haihitaji samaki awe hai, tafi aliyevuliwa alfajiri anaweza kumchoma mpishi adhuhuri.

Sumu yenyewe ni protini, na protini huharibiwa na joto. Kwa hiyo hata mwiba uliobaki kwenye chungu hauna la kumdhuru mlaji, isipokuwa kumkwama kooni. Kwa sababu hiyo hiyo, huduma ya kwanza kwa aliyechomwa ni maji ya moto. Chovya mkono au mguu kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, karibu nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, ukiongeza mengine yanapopoa. Yapime kwanza kwa mkono usioumia, maana uliochomwa huenda usihisi kuwa unaungua. Toa vipande vya mwiba, osha kidonda vizuri, na kama chanjo yako ya pepopunda ni ya zamani, nenda ukachanjwe. Maumivu ni makali na huweza kudumu saa kadhaa, lakini kwa kawaida hayahatarishi maisha. Anayeanza kupumua kwa shida au kuvimba uso asingoje maji yachemke, apelekwe hospitali.

Wavuvi wenyewe hawangoji kuchomwa. Ukiwatazama wanavyofanya kazi, hakuna anayemfumbata tafi kuanzia mkiani. Mkono huanzia kichwani na kuteleza kuelekea nyuma, miiba ikilala chini ya kiganja, kisha kidole gumba na cha shahada humbana nyuma ya macho. Wengine huikata miiba yote kwa mkasi kabla samaki hajafika kwa mnunuzi, na mimi nadhani kila muuzaji angefanya hivyo, hasa kwa tafi wanaonunuliwa na watoto waliotumwa dukani.

Mbuzi wa baharini

Heshima ya tafi imo katika anachokula. Changu hula kaa na konokono, tewa hula samaki wenzake, lakini tafi ni mbuzi wa baharini. Mchana kutwa makundi yake huzunguka kwenye nyasi za bahari na miamba ya kina kifupi, yakikata mwani na majani, yakitafuna na kusogea. Meno yake yamepangwa safu moja, ya kukata. Wavuvi wa madema wanalijua hili siku zote: chambo cha kumwita tafi mara nyingi ni mwani mbichi na nyasi za bahari zilizosokotwa na kufungwa ndani ya dema. Wakulima wa mwani wa Zanzibar na wa pwani ya kusini ya Kenya nao wanamjua, ila wao kwa hasira, maana huingia mashambani mwao na kukata kilichopandwa.

Mtumbue tafi aliyetoka majini muda si mrefu na utaona mwenyewe. Utumbo ni mrefu kuliko mwili mara kadhaa, umejikunja mviringo juu ya mviringo, umejaa uji wa kijani kibichi. Mwani ni chakula kigumu kumeng'enywa. Kwanza asidi ya tumbo hulainisha kuta za mmea, halafu bakteria walio kwenye sehemu ya nyuma ya utumbo huchachusha kilichobaki na kumpa samaki nguvu. Ukiuacha uji huo ndani kwa saa nyingi, harufu yake huingia nyamani. Tafi anayesemwa ananuka, mara nyingi hakuharibika, alicheleweshwa tu kutumbuliwa.

Kuna jambo jingine humo tumboni linalostahili kujulikana zaidi. Watu huambiwa wale samaki kwa ajili ya mafuta ya omega-3, yale yanayojenga ubongo na macho ya mtoto. Samaki wengi wa baharini hawawezi kujitengenezea ya kutosha. Huyapata kwa kula viumbe wengine walio nayo. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba tafi mmoja wa Asia, Siganus canaliculatus, ana kimeng'enya kinachomwezesha kukamilisha kazi hiyo mwilini mwake, akianza na mafuta mafupi zaidi yanayopatikana kwenye mimea. Kimeng'enya cha aina ile kilikuwa hakijawahi kuonekana kwa mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo. Tangu hapo wafugaji wa samaki wamezidi kuwatazama matafi, kwa sababu samaki anayeweza kukua kwa mimea hahitaji kulishwa unga wa samaki wengine.

Sasa toka tumboni urudi mwambani. Matumbawe na mwani hugombea nafasi na mwanga, na mwani hukua haraka zaidi. Mwaka 1998, El Niño ilipolipasha joto eneo kubwa la Bahari ya Hindi, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilipauka na kufa, Kiunga ikiwemo, Malindi ikiwemo. Mifupa ya matumbawe iliyobaki ilikuwa wazi kwa yeyote wa kuiwahi. Mwani ukishika na kurefuka, matumbawe machanga hayana pa kujishikiza, na mwamba unaweza kukaa miaka mingi bila kupona. Kinachoamua ni kama kuna wanaoukata.

Wakataji hao hawafanyi kazi moja. Pono hukwangua jiwe kwa mdomo wake mgumu. Kangaja hula mwani mfupi ulioenea juu ya mawe. Tafi hukata pia mwani wenye majani, ule ambao ukishakuwa mrefu wengine huuogopa au huushindwa. Ukimwondoa mmoja, wawili waliobaki hawafanyi kazi yake.

Kwetu Kenya kuna mkataji wa nne aliyejiingiza: fuma, wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu wanaojificha kwenye mianya ya mawe. Tangu miaka ya 1980 mtafiti Tim McClanahan na wenzake wamechunguza miamba ya Kenya, wakilinganisha ile inayovuliwa na ile ya hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, ambamo hairuhusiwi kuvua. Walichokuta ni kwamba panapovuliwa sana fuma huongezeka mno, kwa sababu kikande, samaki anayewapasua na kuwala, amevuliwa karibu kuisha. Fuma hula mwani kweli, lakini hula na mwamba pia, akiuchimba kidogo kidogo usiku na mchana. Tena anashindana na tafi kwa chakula kile kile, na kwa kuwa fuma huweza kuishi kwa chakula kidogo sana, tafi ndiye anayeshindwa. Kwa hiyo mtu anayevua kikande kule nje ya mwamba anapunguza tafi wa jirani yake wa ndani, na wote wawili wasijue.

Asije mtu akadhani tafi ni mwema kila mahali. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, samaki wa Bahari ya Shamu walipata njia ya kuingia Mediterania. Matafi wawili walipita: Siganus rivulatus na Siganus luridus, huyo wa pili akiwa anapatikana hata pwani yetu. Mediterania ilikuwa na samaki wawili tu wa asili wa kutajika wanaoishi kwa mimea, na misitu ya mwani ya kule ilizoea maisha hayo. Matafi walipofika waliila. Leo katika sehemu za Uturuki, Lebanoni na visiwa vya Ugiriki kuna miamba iliyobaki jiwe tupu, na viumbe waliokuwa wakijificha kwenye mwani wamekosa makazi. Samaki ni wale wale na meno ni yale yale. Tofauti ni kwamba mwani wa huku kwetu umeliwa tangu zamani sana na umejifunza kuvumilia, na tafi mwenyewe ana maadui wengi wa kumpunguza.

Hesabu ya mwezi

Mvuvi wa Lamu hupanga kazi kwa mwezi, kwa sababu bamvua na maji mafu hutokana na mwezi. Tafi naye ana hesabu yake.

Zamani ilidhaniwa kwamba samaki wa nchi za joto huzaa mwaka mzima bila msimu, maana maji hayabadiliki sana. Utafiti wa Ntiba na Jaccarini, uliochapishwa mwaka 1990, ulionyesha kwamba tafi wa pwani ya Kenya ana misimu miwili: Januari na Februari, kisha Mei na Juni. Ule wa kwanza uko katikati ya kaskazi, bahari ikiwa tulivu. Wa pili uko pale kusi inaposhika nguvu, wakati madau mengi yanarudi kuvua ndani ya mikondo kwa sababu nje hakutokeki.

Ndani ya msimu, mwezi ndio unaochagua siku. Jambo hili limechunguzwa vizuri zaidi kwa jamaa zake wa Okinawa, Japani, na Akihiro Takemura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ryukyus. Tafi wa kule anayeitwa Siganus guttatus huzaa mwezi unapofika robo ya kwanza, na wenzake wa aina nyingine wana siku zao tofauti. Watafiti waliwaweka samaki hao kwenye matangi. Walipowanyima mabadiliko ya kawaida ya mwanga wa usiku, kwa kuwapa mwanga usiokatika au giza lisilokatika, uzazi wao ulivurugika. Ufunguo mmojawapo ni melatonini, homoni inayotengenezwa mwilini gizani na kupungua penye mwanga. Mwanga wa mbalamwezi, hafifu hivyo, unatosha kuipunguza, na kwa njia hiyo samaki anajua mwezi umefika wapi bila kuutazama. Nikifikiria hilo huwaza taa za bandari mpya ya Lamu zinazomulika maji ya Kililana usiku kucha. Ningependa sana mtu apime mwanga ule unafika umbali gani chini ya maji.

Siku zikifika, tafi huacha malisho yao na kwenda kukusanyika mahali maalumu, mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Shelisheli, wavuvi wa kisiwa cha Praslin wanayajua mazalio hayo na hutega madema yao hapo wakati wa mbalamwezi, wakipata kwa usiku chache samaki ambao siku nyingine wangewatafuta kwa wiki nzima. Hapa Kenya wavuvi wa Msambweni ndio waliowaonyesha watafiti mazalio ya tafi, na samaki waliowekewa vifaa vya kutoa sauti walithibitisha kwamba huja na kuondoka pamoja kwa kufuata mwezi.

Jike mmoja hutoa mayai mamia ya maelfu. Ni madogo sana, kama nusu milimita kila moja, na yanagandia kwenye mawe na mimea. Huanguliwa baada ya siku moja au zaidi kidogo. Viluwiluwi huchukuliwa na mkondo hadi maji ya wazi, hukaa huko wiki tatu hadi nne wakila planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, kisha waliosalimika hurudi ufukweni na kuingia kwenye nyasi za bahari. Hapo ndipo hugeuka kuwa walaji wa mwani na utumbo wao huanza kurefuka. Wengi sana hawafiki hatua hiyo.

Jamaa zao wengine, wakishakua, huacha makundi na kuishi wawili wawili. Kwenye miamba ya Australia imeonekana kwamba matafi wa jozi hupeana zamu: mmoja huinama na kuingiza kichwa kwenye mwanya wa jiwe kula, mwenzake hubaki juu akichunga hatari, halafu hubadilishana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015 na yaliwashangaza wengi, kwa sababu kusaidiana kwa namna hiyo kulikuwa kunatajwa zaidi kwa ndege na wanyama wanaonyonyesha.

Kwa nini bado yumo kapuni

Tafi hukomaa kwa takriban mwaka mmoja na huishi miaka michache tu. Tewa huchukua miaka mingi kukomaa na anaweza kuishi makumi ya miaka. Mwamba ukivuliwa sana, tewa huondoka kwanza, kikande hufuata, changu wakubwa hufuata. Anayebaki ni yule anayeweza kuzaa kabla hajakamatwa. Ndiyo maana kwenye pwani ya Kenya, sehemu zinazovuliwa sana, kapu la mvuvi wa ndani ya mwamba hujaa samaki wa aina chache: tafi, pono wa kwenye nyasi, na changu wadogo. Yule bwana anayesema tafi hawamaliziki amesema kweli. Asichokitazama ni nani wengine hawamo kapuni, na kwamba tafi aliyemo ana umri wa miezi mingapi. Samaki anayeishi haraka huvumilia uvuvi mwingi, lakini akivuliwa kabla ya huo mwaka wake mmoja, uvumilivu wake hauna kazi.

Dema linaweza kumsaidia hapo. Dema la kawaida lenye matundu madogo hukamata kila kinachoingia, mpaka vile vya urefu wa kidole ambavyo hata paka wa mtaa wa Mkomani hawavigombanii. Watafiti wa Kenya wamejaribu madema yenye mianya wima kwenye pembe, upana wa sentimita chache, ili samaki mwembamba apenye atoke. Samaki waliobaki ndani walikuwa wakubwa zaidi, na thamani ya mzigo haikushuka kama ilivyohofiwa. Tafi kwa kuwa ni bapa hupenya mwanya huo kwa urahisi akiwa mdogo, kwa hiyo marekebisho hayo yanamfaa yeye kuliko samaki mnene. Wavu wa juya ni hadithi nyingine. Juya linaburutwa juu ya nyasi, linazing'oa, na linabeba vifaranga kwa maelfu. Limepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2001, na bado yapo yanayofanya kazi.

Nyasi za bahari ndizo jambo ambalo Lamu haina budi kulisimamia, kwa sababu bila nyasi tafi hana malezi wala malisho. Nyasi zinahitaji mwanga. Mchanga na tope vikitibuliwa na kuzifunika, hufa. Uchimbaji wa kina kwa ajili ya bandari ya Lamu ulitibua tope jingi kwenye mikondo ya Manda. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na gati la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021. Fidia ni haki yao. Lakini pesa za mvuvi hazioti mahali pa nyasi zilizofunikwa, na sijaridhika kwamba malisho hayo yanazungumzwa kwa uzito ule ule uliopewa hesabu za fidia.

Kuhusu mazalio kuna njia isiyo ya gharama kubwa. Wavuvi wa kisiwa cha Pate tayari wana uzoefu wa kufunga sehemu ya mwamba kwa muda ili pweza wakue, kisha kuifungua wote kwa pamoja. Kwa tafi haihitajiki miezi. Zinahitajika siku chache za mwezi, katika Januari, Februari, Mei na Juni, na kwenye mazalio tu, si bahari nzima. BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, za Kizingitini, Faza na Kiwayu zinaweza kukubaliana hivyo katika kikao kimoja, mradi kwanza wazee wanaojua tafi hukusanyika wapi waulizwe na wapelekwe kwa mashua wapaonyeshe, kama wenzao wa Msambweni walivyofanya.